Za Nyuma Niachie

Haya yalimpata Jamaldini, mume wa shangazi yangu Nasma, mwezi wa saba mwaka 1996, wakati magari ya mitumba kutoka Japani yalipoanza kuingia Dodoma kama kumbikumbi. Zamani fundi wa Chang'ombe alilijua kila gari la mji kwa mlio wake. Sasa kila wiki lilikuja jipya. Jamaldini hakulalamika. Yeye alikuwa fundi wa miguu ya magari: springi, shokapu, tairi na alaimenti, yaani kunyoosha tairi zielekee sawa. Mashine hakuwa nayo. Alikuwa na sakafu ya saruji aliyoisawazisha mwenyewe, kamba mbili na futi, na watu walitoka hata Singida kumfuata. Gari likipita mikononi mwake, ungeweza kuachia usukani nalo likaenda moja kwa moja kama mtu anayerudi kwao.

Jumatatu asubuhi alifika Ebenezer, karani wa ofisi moja ya serikali, kijana mtanashati, na gari lake dogo jeupe.

"Shikamoo fundi. Nataka unishushie hili. Lilale kabisa. Jumamosi naoa, na ndilo litakalompeleka Miriam kanisani."

"Marahaba. Kushusha si kazi," Jamaldini alimjibu, akilizunguka gari. "Kazi inakuja ukishashusha. Tairi za mbele zitaegemea ndani, usukani utavuta upande, na hizi tairi pana ulizoweka zitasugua madigadi, haya mabati ya juu yake. Lazima kila kitu kipimwe upya."

"Pima fundi. Mimi nakuamini."

Jamaldini hakupenda kukata springi. Springi ikikatwa kwa moto hulegea, na gari likipita kwenye shimo hukaa kama kuku anayeatamia. Ndipo akakumbuka gari moja kule Zuzu, aina ileile, limewekwa juu ya mawe uani kwa mama mmoja aitwaye Zipora. Lilikuwa la mwanawe, Sila, dereva aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Sila alilishusha hukohuko kwa springi fupi za kiwandani, akaja nalo nyumbani watu wakalishangaa. Miaka miwili nyuma aliugua homa kali. Rafiki yake akaendesha, Sila akaketi nyuma upande wa kushoto na mama yake kando yake, wakikimbilia hospitali. Relini wakasimama kupisha treni ya mizigo. Behewa la mwisho lilipopita, Sila alikuwa amekwisha kata roho.

Jamaldini alikwenda Zuzu mchana uleule. Alimkuta Zipora akifagia kuzunguka gari, taratibu, kama anayefagia mlangoni kwa mgeni. Alimwamkia, akamweleza shida yake. Mama yule alifikiri kidogo.

"Za mbele chukua. Hazina mtu," alisema. "Za nyuma niachie. Sila bado amekaa."

Jamaldini aliitikia, akaona ni maneno ya mama aliyefiwa. Akafungua za mbele. Kisha Zipora akachukua ndoo kwenda kisimani.

Gari lina pande mbili. Huwezi kulishusha mbele tu. Jamaldini alitazama njia ya kisimani, akatazama spana iliyokuwa mkononi mwake. Alipoondoka, springi nne zilikuwa ndani ya gunia, naye hakungoja kuaga.

Kufikia Jumatano gari la Ebenezer lilikuwa limelala kama alivyotaka. Jamaldini alilipima kwa kamba, akanyoosha tairi za mbele, akalainisha kingo za madigadi ili tairi zisikwaruze. Kati ya tairi na bati, vidole viwili vilipita kila upande. Saa tano asubuhi wakatoka wawili kulijaribu, njia ya Zuzu, Ebenezer kwenye usukani.

Halikufika mbali. Lilivuta kushoto. Kisha ikasikika sauti nyuma: mpira ukisugua bati.

Walishuka. Jamaldini aliingiza vidole upande wa kulia. Viwili vilipita. Akaenda kushoto. Hakikupita hata kimoja.

"Springi ya upande huu mbovu," Ebenezer alisema.

Walirudi gereji. Jamaldini akabadilisha springi, ya kulia akaiweka kushoto na ya kushoto kulia. Kushoto kukabaki chini. Akabadilisha tairi. Kushoto. Shokapu. Kushoto. Alipiga magoti kwenye sakafu yake mwenyewe, jua la saa saba likimchoma mgongo, akapima tena na tena. Vipimo vyake havikuwahi kumdanganya. Sasa vilimwambia jambo moja tu: gari halina kasoro, limebeba mtu.

"Ebenezer," alisema polepole. "Kaa nyuma. Upande wa kulia."

Kijana akaingia, akafunga mlango. Kulia kukashuka. Pande zote mbili zikawa sawa, sawasawa kabisa, kama mizani yenye mawe mawili yaliyolingana.

Mlango ukafunguka ghafla. Ebenezer akatoka.

"Fundi. Kiti kimesogea."

"Kimesogeaje?"

"Kama mtu aliyenipisha nikae."

Barabarani watu walipita na shughuli zao, muuza maji alipiga kengele. Jamaldini akauendea mlango wa kushoto. Akaufungua. Kiti kitupu. Akainama, akanong'ona, akiona aibu kwa anachokifanya.

"Sila. Shuka, ndugu yangu."

Gari halikupanda.

Ndipo akamweleza Ebenezer kila kitu. Alitegemea kijana atacheka, maana alikuwa msomi na mwimba kwaya. Ebenezer hakucheka.

"Zitoe," alisema. "Nirudishie zangu. Miriam hataingia humu hivi."

Siku ya Ijumaa, baada ya swala, Jamaldini alizitoa zote nne, akarudisha springi za zamani. Gari likasimama juu, pande zote sawa. Alishukuru Mungu. Usiku ule Nasma alimsikia akigeukageuka kitandani, akamuuliza ana nini. Akasema ni mgongo.

Jumamosi asubuhi alidandia lori la mchanga mpaka Zuzu, gunia mapajani. Zipora alikuwa ameketi kizingitini. Hakuwa amefagia. Majani makavu yalikuwa yamelizonga lile gari pande zote.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia.

Jamaldini hakujitetea. Alilala chini ya gari, akarudisha springi zote mahali pake, akafuta mikono, akaja kupiga magoti mbele yake. "Nilikosa, mama. Nimezirudisha. Hata za mbele sizitaki."

Zipora alinyanyuka. Akaenda kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma wa kushoto, akatazama ndani. Alitazama muda mrefu. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umezeeka.

"Umeleta vyuma," alisema. "Yeye umemwacha wapi?"

Jamaldini alikimbia. Mtu wa miaka arobaini na saba, alikimbia mpaka barabarani, akapunga mkono mpaka gari la mkaa likamchukua. Jua lilikuwa limepanda. Njia nzima alikuwa akihesabu saa. Ndoa ilikuwa saa sita.

Alifika kanisani matarumbeta yakilia. Msafara ulikuwa unaingia, honi na vigelegele, na katikati yake gari jeupe lenye riboni. Lilikuwa na springi zake ndefu. Alizifunga mwenyewe. Na nyuma, upande wa kushoto, lilikuwa limekaa chini mpaka tairi inasugua.

Lydia, msimamizi wa bibi harusi, alikuwa ameketi mbele na dereva, kwa sababu gauni lilijaza kiti cha nyuma. Nyuma alikuwa Miriam peke yake. Alikuwa kulia.

Jamaldini alijaribu kupenya. Watu walimzuia, fundi mwenye grisi, anakwenda wapi? Mlango ukafunguliwa. Miriam akashuka taratibu, uso mweupe kwa poda, macho yanatazama chini. Na nyuma yake gari likapanda. Kidogo kidogo. Bila kishindo. Mpaka likawa sawa.

"Miriam, jasho hili limetoka wapi?" Lydia alinong'ona, akitoa leso.

Begani, upande wa kushoto, gauni lilikuwa limelowa. Duara kubwa, la ukubwa wa kichwa cha mtu.

"Futa tu," Miriam alimjibu kwa sauti ndogo. "Twende. Nimechoka bega."

Walifunga ndoa. Watu walikula, wakacheza. Gari halikushuka tena siku ile wala siku nyingine.

Lakini Jumatatu gauni lilikuwa kwenye kamba. Mwezi wa saba Dodoma upepo hukausha shuka kabla hujamaliza kuanika la pili. Gauni lilikauka pindo, likakauka kiuno na mikono. Bega halikukauka. Jumanne halikukauka. Miriam akamuuliza mumewe, na Ebenezer, ambaye alikuwa ameapa kutomwambia, akamwambia. Alifikiri atalia. Miriam akalitoa gauni kambani.

"Mama yake anakaa wapi?"

Jumatano asubuhi walikwenda watatu, Jamaldini akiwaonyesha njia. Zipora aliwapokea amesimama. Miriam akamwamkia, akamkabidhi gauni kwa mikono miwili. Mama yule alilikunjua, akalitafuta bega, akalilaza shavu lake juu yake. Akafumba macho.

"Ndivyo alivyonilalia," alisema.

Miriam akaanza kulia. Ebenezer akamshika mkono.

"Shika," Zipora akamwambia Jamaldini.

Hakutaka. Akashika.

Upepo wa asubuhi ile ulikuwa wa baridi, na kitambaa kizima kilikuwa cha baridi. Bega lilikuwa la moto.

"Homa bado haijamshuka," alisema Zipora. Akaingia nalo ndani, akafunga mlango.