Shimo la Kupumzikia

Nyundo alirudi nyumbani akiburuta miguu. Alikuwa mchonga mawe, na jina hilo alipewa na wenzake machimboni. Alikaa. Hata viatu hakuvua.

"Kula," mkewe alimwambia.

"Kutafuna nako ni kazi."

"Siku ya nne hii! Kila mchana unalala, na unarudi umechoka kuliko mawe yenyewe."

"Kichwa kinanigonga. Leo wenzangu waliniita, sikusikia. Wakanivuta miguu."

Kaka wa mkewe, fundi wa pampu katika kituo cha umeme wa mvuke kule mlimani, aliweka kikombe chini. "Shemeji, mnalala wapi?"

"Shimo la zamani, palepale machimboni. Hakuna jua, hakuna upepo. Kitanda cha mfalme!"

"Kaburi la mfalme," alisema fundi. Hakucheka.

Asubuhi walisimama wote watatu ukingoni mwa shimo. Fundi aliwasha mshumaa ndani ya kopo, akauteremsha kwa kamba. Ulipokaribia chini, ukazimika. Akauvuta, akauwasha, akauteremsha. Ukazimika tena.

"Ni upepo," alisema Nyundo.

"Upepo gani? Si umesema haupo?"

Mkewe akamshika mumewe mkono, akamvuta nyuma.

"Mlima huu ni volkano," fundi alieleza. "Umelala, lakini unapumua. Unatoa hewa ukaa. Haina rangi, huwezi kuinusa, na ni nzito. Inajaa shimoni kama maji. Aliyesimama huenda asiivute. Aliyelala anaivuta yote. Kwanza anachoka. Mwisho haamki. Na anayeshuka kumwokoa, naye anaweza kulala palepale."

"Ninyi kule kituoni mnaifanyaje?" Nyundo aliuliza.

"Tunaichanganya na maji, kama soda. Tunaisukuma chini sana, kwenye mwamba mweusi wenye vitundu. Baada ya miaka michache inakuwa jiwe jeupe humo vitunduni. Jiwe haliingii puani."

"Basi leta pampu hapa!"

"Pampu ya shimo hili ni miguu yako, shemeji. Panda juu. Hata siku mshumaa usipozimika, usishuke."

Siku hiyo wachonga mawe hawakuchonga sana. Walizungushia shimo ukuta wa mawe. Juu, penye upepo, wakajenga kibanda cha turubai. Kina jua kidogo, na vumbi pia.

Wiki moja baadaye, Nyundo aliingia nyumbani akiburuta miguu. Mkewe alishtuka.

"Umechoka tena?"

"Nimechoka," alisema, akivua viatu. "Lakini uchovu huu ni wangu. Nimeufanyia kazi."

Akavuta sahani, akala mpaka akaomba nyingine.