Shangazi Aliyerukwa Daftarini

Mnanichokonoa tena nisimulie, kana kwamba mdomo wangu ni redio. Haya.

Rafiki yangu, fundi cherehani, alikuwa akiandika daftari la ukoo. Akamkumbuka shangazi yake, yule kikongwe wa chumba cha pili aliyeomba maji mpaka akafa. Akamruka.

“Mwandike wifi yangu,” mama yake alisema huku akipanga vifungo.

“Ala! Ili wajukuu waulize nani alimnyima maji?”

Ndipo ng’ambo ya ukuta, kwenye chumba kitupu chenye giza, sauti ya kikongwe ikaanza kusoma majina ya daftari, polepole, moja baada ya jingine. Ilipofika kwa fundi, ikakohoa, ikamruka.

Fundi akamshika mama yake mkono.

Mama akautazama ule mkono. “Karibu, mgeni. Wewe ni mtoto wa nani?”