Kioo cha Simu na Ng'ombe wa Babu Wanzagi

Kila jioni Ghati alipotoka shule, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuokota vipande vya nyuzi chini ya cherehani ya mama yake. Mama yake, Dorkas, alikuwa fundi wa nguo za wanawake hapo Nyasho, mjini Musoma. Chumba cha mbele ndicho alichoshonea: cherehani dirishani, kabati la vitambaa ukutani, na pasi ya mkaa mlangoni ili moshi utoke. Baba aliendesha lori la mizigo, na mara nyingi alikuwa safarini. Kwa hiyo mama na binti waliishi kama marafiki, wakitaniana, wakinuniana kidogo, halafu wakicheka tena.

Zamani Dorkas alikuwa na kitochi, simu ndogo ya vitufe. Kilimtosha mpaka wateja walipoanza kumwambia, "Fundi, nikutumie picha ya mshono," naye akawa hana pa kuipokelea. Basi akadunduliza, na Jumamosi moja yeye na Ghati wakaenda Mukendo, hapohapo mjini, kwenye duka la simu la Alfonce.

Alfonce aliwawekea simu mbili mezani. Moja ilikuwa ndogo, haina mbwembwe. Nyingine ilikuwa kubwa, inameta mgongoni.

"Hii ndogo ina kioo kizuri," alisema. "Hiyo kubwa kioo chake mimi binafsi sikipendi. Itoeni nje kwanza, muione kwenye mwanga."

Lakini Ghati alikuwa ameshaikumbatia ile kubwa. Moyoni alikuwa tayari darasani, anawasimulia wenzake jinsi ilivyo pana.

"Mama, hii hapa. Nimeshaiangalia vizuri," alisema, na wala hakuwa ameiangalia.

"Haya, wewe ndiye msomi wa mambo haya," mama akajibu, akatabasamu.

"Ikiwasumbua, nirudishieni kabla mwezi haujaisha, nitawabadilishia," Alfonce akasema, akaifunga ndani ya boksi lake.

Walipofika nyumbani Ghati alimpiga mama picha akiwa na gauni lake jeupe la kwaya. Alipoitazama alishtuka. Gauni lilionekana kana kwamba limelowekwa kwenye chai. Akapiga picha ya ukuta, ya sahani, ya soksi zake za shule. Kila kilichokuwa cheupe kiligeuka njano, na kijivu kikawa kahawia. Alibonyeza huku na huku, akazima, akawasha, bila mafanikio. Kioo chenyewe ndicho kilichokuwa kibovu.

"Unaionaje?" mama aliuliza huku akikata kitambaa.

Ghati angeweza kusema ukweli hapo hapo, na mambo yote yakaisha kwa safari fupi ya kurudi Mukendo. Lakini angesemaje, na ni yeye aliyeichagua?

"Ni safi kabisa, mama," alijibu.

Siku chache baadaye mteja mmoja, Mwalimu Esther, alituma picha ya kitambaa chake ili Dorkas amnunulie bitana ya kufanana nacho. Dorkas aliitazama picha, akaenda sokoni, akanunua bitana ya rangi ya samli. Kitambaa kilipoletwa kilikuwa cheupe pe. Fundi wa watu akajikuta na bitana isiyokuwa na kazi, na Mwalimu Esther akaondoka amenuna.

Jioni hiyo Dorkas alikaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Alikuwa anayasugua macho.

"Ghati, macho ya mama yako yanaanza kuchoka," alisema taratibu. "Tangu nianze kushona sijawahi kukosea rangi. Itabidi niende hospitali nikapimwe miwani."

Ghati aliinama akaokota nyuzi ambazo tayari alikuwa ameshaziokota. Alitamani kusema. Lakini uongo ukishalala ndani siku kadhaa unakuwa mzito kuutoa, na yeye kila siku alijiambia kwamba atasema kesho.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, Babu Wanzagi aliingia bila taarifa akitokea kwake Butiama. Huyu ndiye baba mzazi wa baba yake Ghati, mzee mrefu mwenye utani mwingi. Siku hiyo utani wake ulikuwa umepungua, na katambuga zake za tairi zilikuwa zimejaa vumbi mpaka kwenye kanda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Nipe maji kwanza, habari baadaye."

Alikunywa kikombe chote, akaomba kingine. Ndipo akasema kwamba ng'ombe wa Tereza amepotea.

Dorkas alishika kifua. Tereza alikuwa shangazi yake Ghati, aliyeolewa Bunda miaka mingi iliyopita. Ng'ombe wa mahari yake walipofika nyumbani, baadhi yao ndio waliotolewa tena kuwa mahari ya Dorkas mwenyewe alipoolewa na kaka yake Tereza. Wengine walikwenda kwenye karo na magonjwa. Aliyebaki sasa alikuwa mjukuu wa wale ng'ombe, mmoja tu, na pale nyumbani watu wote walimwita ng'ombe wa Tereza.

"Alikata kamba wakati wa mvua," babu alisema. "Nimemtafuta mpaka nimechoka. Na ana ndama bado ananyonya. Bibi yenu anamnywesha uji, lakini ndama hataki uji. Analia usiku kucha, anaita mama yake. Mimi nilikuwaga na ng'ombe wengi, mwanangu, ila huyu akipotea nitamwambia nini Tereza?"

Hakuwa amemaliza kusema simu ya Dorkas ilipoita. Alikuwa ni Tereza mwenyewe, tena kwa haraka.

"Wifi, baba yuko hapo? Nimesikia habari za ng'ombe. Kuna mmoja ameokotwa, wamemfungia zizi la mnadani huku Bunda. Sijui kama ndiye, maana mimi niliondoka nyumbani kabla hajazaliwa. Jirani yangu amempiga picha, nakutumia sasa hivi. Mwenyewe asipotokea mpaka saa nane mchana, wanamuuza."

Picha ikaingia. Dorkas akampa mzee simu kwa mikono miwili. Babu aliishika mbali kidogo na uso, akakunja jicho. Ng'ombe alikuwa amesimama kiubavu katikati ya wenzake, na kichwa chake kilifichwa na mgongo wa dume. Masikio hayakuonekana, wala pembe. Kilichoonekana ni ubavu na rangi yake.

Babu alitazama kwa muda mrefu. Kisha akairudisha simu.

"Siyo yeye. Wa kwetu ni wa kijivu, majivu matupu. Huyu ni wa maji ya kunde."

"Wifi, baba anasema siyo yeye," Dorkas akamwambia Tereza, na simu ikakatwa.

Mzee aliinamisha kichwa. "Basi wameshamla," alisema kwa sauti ndogo. Ghati hakuwahi kumwona babu yake hivyo, na roho ilimuuma vibaya.

Ghati alisimama mlangoni na birika la chai mkononi. Alijua kitu ambacho hakuna mwingine ndani ya chumba kile aliyekijua. Akisema, mama atafahamu kwamba alidanganywa siku zote hizi, hata lile suala la macho. Akinyamaza, ifikapo saa nane ng'ombe ataondoka na mnunuzi, na huko Butiama ndama ataendelea kulia. Akaweka birika chini.

"Babu," alisema, "simu hii inageuza rangi."

Dorkas alimgeukia. "Inageuza vipi?"

Ghati akaamua kuwaonyesha. Aliifungua pasi ya mkaa pale mlangoni, ambayo ilikuwa imepoa tangu jana, akakung'uta majivu juu ya sinia. Akayapiga picha, kisha akaweka sinia na simu mbele ya babu, kimoja kando ya kingine.

Mzee akatazama sinia. Akatazama simu. Akarudi tena kwenye sinia, akachovya kidole na kukisogeza karibu na kioo.

"Haya majivu yamekuwa ugoro," alisema. Kisha akanyanyuka ghafla kitini. "Mpigieni Tereza."

Tereza alipopokea, babu hakungoja salamu. "Mwanangu, hiyo picha kwenye simu yako wewe, ng'ombe ni wa rangi gani?"

"Wa kijivu, baba. Si unamwona? Kama majivu."

Babu Wanzagi alikuwa ameshafika mlangoni.

Kwenye gari la kwenda Bunda, Ghati alikaa kando ya mama yake. Walipokuwa wameacha mji nyuma, mama akasema akiwa anatazama mbele, "Kwa hiyo macho yangu hayana shida."

"Hayana, mama."

"Na ile bitana ya Mwalimu Esther?"

"Ilikuwa simu. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nisamehe, mama, niliona aibu kwa sababu niliichagua mimi." Na hapo machozi yakamtoka.

Dorkas alipumua kwa nguvu. "Nilikuwa naogopa, Ghati. Nilikuwa nalala nafikiria nikishindwa kushona tutakula nini. Na wewe ulikuwa na jibu langu mfukoni." Kisha akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake. Alikuwa amekasirika kwelikweli, lakini mkono ule ulikuwa wa mama.

Walimkuta Tereza langoni mwa mnada, jasho linamtoka. Saa nane ilikuwa imekaribia, na wanunuzi wawili walikuwa wameshaegemea zizi wakimtazama ng'ombe. Msimamizi alimzuia babu.

"Mzee, kila mtu hapa anasema ni wake. Taja alama kabla hujaingia."

"Sikio la kushoto limekatwa kidogo kwa nyuma. Na usihangaike kumshika, atakuja mwenyewe."

Babu akaita kwa Kizanaki, neno lile analoitia ng'ombe wake kila jioni. Katikati ya kundi kichwa kimoja kikainuka. Ng'ombe wa kijivu akawasukuma wenzake, akapita mbele ya dume, akaja mpaka ukingoni na kuanza kulamba mkono wa koti la mzee. Sikio la kushoto lilikuwa limekatwa kwa nyuma. Msimamizi akafungua lango bila kuuliza tena, na Tereza akajifunika uso kwa kanga, analia na kucheka kwa pamoja.

"Ungechelewa kidogo tu, mzee, tungemuuza," msimamizi alisema.

Wakampakia kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, babu akapanda nyuma pamoja naye. Jioni hiyo huko Butiama ndama hakuhitaji tena uji wa mtu.

Jumatatu baada ya shule, mama na binti walirudi Mukendo. Dorkas aliiweka simu mezani, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Mwenye maelezo ni huyu," alimwambia Alfonce.

Ghati alitamani ardhi ipasuke. Lakini alisema yote: kwamba hakuitoa nje kama alivyoshauriwa, kwamba aliona kioo kibovu siku ile ile, na kwamba alimdanganya mama. Alfonce alimsikiliza mpaka mwisho. Mwezi ulikuwa haujaisha, hivyo akawapa ile ndogo. Kisha Ghati akaenda kwa Mwalimu Esther, akamweleza kwamba kosa la bitana halikuwa la fundi. Mwalimu alimtazama sana, halafu akaahidi kuleta kitambaa kingine.

Wiki moja baadaye walikwenda Butiama kusalimia. Babu alikuwa anakamua. Ghati alimshikia ndama, ambaye alikuwa anavuta kwa nguvu zote kutaka zamu yake ifike.

"Babu, bado umenikasirikia?"

"Nilikasirika siku ile, mpaka tulipofika Bunda. Nikimwona ng'ombe hasira zinanitokaga." Alihamisha kibuyu cha maziwa, akaendelea kukamua. "Sikiliza, mke wangu. Kwanza lilikuwa kosa la simu tu, dogo. Ukalificha, likawa la macho ya mama yako. Ukazidi kulificha, likabaki kidogo tu liwe la huyu ndama. Kosa ukiliona, liseme likiwa bado dogo. Aibu yake nayo inakuwa ndogo."

"Ndiyo, babu. Na mbona siku ile hamkunichapa?"

"Kwa sababu mwishowe ulisema, na ulisema mwenyewe, bila kushikwa." Mzee alisimama, akanyoosha mgongo, akamwekea mkono kichwani. "Kioo kikidanganya kinarudishwa dukani, mwenye duka anatoa kingine. Wewe hatuna duka la kukurudisha. Tunakaa na wewe hivyo hivyo, kwa hiyo tunahitaji sana ukisema kitu ni cheupe, kiwe cheupe."

Ghati akaitikia kwa kichwa, akamwachia ndama.