Dakika ya Pili

Jumatatu ile ukumbi wa wagonjwa wa nje ulifurika hadi watu wakakalia kingo za madirisha. Katikati ya msongamano alipita mwanafunzi wa unesi, gauni la mistari ya samawati limenyooka kwa pasi, saa ndogo imebanwa kifuani kichwa chini, kama manesi wanavyoivaa. Alikuwa ametumwa huku kusini, ng'ambo ya mpaka ambako Kiswahili hakizungumzwi, mbali na kwao, kufanya mazoezi ya wodini. Lugha ya wenyeji ilikuwa bado inamkwama kooni, hivyo kazi aliifanya kwa tabasamu na vidole.

Zamu ikafika kwa kijana wa shati la miraba aliyekuwa akikohoa. Alipoonyeshwa kipimajoto, akanung'unika kwa Kiswahili, akiamini haeleweki.

"Sindano tu asinichome huyu mrembo. Mengine yote ruhusa."

"Sindano ataamua daktari," mwanafunzi akamjibu kwa Kiswahili. "Wewe fungua mdomo."

Kijana nusura akimeze kipimajoto. Mwanafunzi akamshika kifundo cha mkono, vidole juu ya mshipa, macho kwenye saa. Dakika ikaisha. Hakumwachia. Aliendelea kumshika, ametulia tuli, sasa akimtazama kifuani. Kijana akasahau hata kukohoa.

"Saa yako inachelewa," alisema mdomo ulipokuwa huru. "Nimeilinganisha na yangu. Mimi fundi saa, kibanda changu kiko stendi. Tena ni mtu wa nyumbani, huku nimehamia tu. Niletee niione."

Mwanafunzi alikwenda. Alijiambia anataka tu kuona tumbo la saa likoje, na kweli alikuwa na udadisi wa kuuliza hata kitasa kinafungwaje. Fundi akamvalisha lenzi yake jichoni, akamwonyesha magurudumu madogo yanavyosukumana. Walisogeleana sana kwa ajili ya hayo magurudumu. Kikohozi kilipopona, walikuwa wameshazoea kupigiana simu kila jioni.

"Nesi wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe dawa umemaliza?"

"Nimemaliza. Nasubiri kupimwa mshipa."

"Mjanja wee!"

"Usinicheke, mpenzi. Mimi nilijua siku ile ile. Dakika ya kwanza ya kazi, sawa. Ya pili je?"

Mwanafunzi akacheka, akabadilisha mazungumzo. Hapo ndipo alipoharibu, na mimi simtetei. Jibu alikuwa nalo, ila alipenda mno kusikia swali.

Wiki yake ya mwisho saa ikazima kabisa. Fundi akaichukua, akaitengeneza, akaipeleka mwenyewe wodini wakati wa kuona wagonjwa, kanzu imenyooka, manukato yanamtangulia. Akasimama mlangoni. Mle ndani mwanafunzi, kwa saa ya kuazima, alikuwa amemshika mkono babu mmoja asiye na jino hata moja. Dakika ikaisha. Hakumwachia. Akatulia tuli, akamtazama kifuani.

Fundi alimsubiri koridoni.

"Na yule babu naye unampenda?"

"Nampenda nini, nahesabu pumzi zake! Mgonjwa akijua unamhesabia, anaanza kupumua kwa adabu. Kwa hiyo unamshika kama bado uko kwenye mshipa, kumbe unatazama kifua."

"Na mimi siku ile..."

"Ulikuwa unakohoa, Fundi. Ningefanyaje?"

"Nimemwambia Mama!" Sauti ilimpanda hadi wagonjwa wakageuka. "Nimemwambia nimepata mchumba, amenishika mkono mbele za watu na hakutaka kuniachia. Na wewe kila jioni unanisikiliza, unacheka!"

Akaondoka, saa ya watu ikiwa bado mfukoni. Mwanafunzi alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Alilia bafuni, bomba limefunguliwa ili wenzake wasisikie. Alimpenda, na Jumamosi basi lingemrudisha kwao huku mwenzake akiamini amefanywa kichekesho.

Simu moja tu ndiyo Fundi aliyoshindwa kuikwepa.

"Mchumba wako mbona humtaji siku hizi?" mama yake akauliza kutoka nyumbani.

Fundi akaeleza yote, kwa uchungu. Upande wa pili Mama alicheka hadi akakosa pumzi.

"Sasa ulitaka akuhesabu kwa kushika mguu? Dakika ya pili ilikuwa ya kazi, haya. Na kukupigia simu kila jioni? Hiyo nayo wamemfundisha chuoni?"

Fundi akaitoa saa mfukoni, akaigeuzageuza kiganjani.

"Umekaa na saa ya mtoto wa watu. Mrudishie, na umtazame usoni unapompa."

Jumamosi stendi ilijaa mizigo na kelele za wapiga debe. Mwanafunzi alikuwa ameweka mguu kwenye ngazi ya basi, amevaa gauni la kijani, macho yamevimba. Aliposikia "Nesi!", akashuka.

"Nimeleta saa yako," Fundi akasema, mkono mmoja mfukoni.

"Siku ile hesabu yako ilinipotea," mwanafunzi akasema haraka. "Nilianza upya mara mbili. Kwa yule babu haikunipotea."

"Maneno hayo."

Mwanafunzi akaunyakua mkono wake uliokuwa huru, akamshika kifundo. Watu wakapita wakiwakumba. Dakika ikaisha. Safari hii hakutazama kifua, alimtazama usoni, na machozi yakamtoka bila kuyafuta.

"Sasa unahesabu nini?" Fundi akauliza polepole. "Saa si ninayo mimi?"

"Ndiyo maana nimekushika kabla hujanipa."

Fundi akautoa mkono mfukoni, mtupu.

"Basi leo sikupi. Nitaileta mwenyewe kwenu, nije na Mama, tukae na wazazi wako tuongee. Utanikubali?"

"Nimekukubali."

Dereva alipiga honi, utingo akaanza kumvuta mwanafunzi kwa begi lake. Akapanda, akatoa kichwa dirishani.

"Usichelewe!"

"Mimi fundi saa, nichelewe?"