Mkono Ulioachiwa Kinuni

Anayetoka kuwasikiliza Kutu huamka na mlio masikioni, na hilo halikumshangaza Mama Viraka. Kabla hajajifungua, hata yeye alikuwa hakosi onyesho la bendi hiyo. Alizijua zile spika zilizopangwa mpaka darini, ngoma zinavyokupiga ndani ya mbavu kama una moyo wa pili, na kesho yake unavyomwona mwenzako akifungua mdomo usisikie anachosema, mkabaki kucheka kama watoto. Kilichomshangaza ni kwamba asubuhi ile, alipoinama kumnyoa mumewe nywele za shingoni, mlio aliusikia yeye.

Ulikuwa unatoka sikioni mwa mumewe. Mwembamba, wa juu, kama mbu aliyefunikwa na glasi.

"Unausikia?" aliuliza.

"Nisikie nini, na masikio yenyewe yamekufa?" Mumewe alicheka. "Nyoa, mama. Nachelewa."

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mrefu na mkavu, na karakana nzima ilimwita Nondo. Vidole vya mkono wake wa kushoto havikukunjika tangu chuma cha moto kilipomwangukia, kwa hiyo kila kitu alikishika kwa mkono wa kulia. Mkewe alikuwa na cherehani yake dirishani. Wateja wake wengi walikuwa mashabiki wa Kutu, waliomletea vizibao vya jinzi awashonee viraka vya bendi mgongoni, na wao ndio waliompa jina.

Wawili hawa walikutana kinuni. Ndivyo mashabiki wanavyopaita pale mbele ya jukwaa, ambapo watu huzunguka wakigongana mabega mpaka jasho linapanda darini na kurudi chini kama mvua. Mgeni akitazama ataona ugomvi mtupu. Lakini kinu kina sheria moja, na hakuna asiyeijua: akianguka mtu, wote husimama mpaka ainuliwe, hata kama gitaa limefika pale ulipopangoja mwaka mzima. Mama Viraka aliwahi kuanguka. Aliona soli za viatu, akaona giza, kisha mkono mmoja mkubwa ukashuka ukamng'oa kama karoti.

"Mimi niliolewa na mkono," alizoea kuwaambia wateja. "Mwenyewe alikuja nyuma yake."

Safari hii Nondo alikwenda peke yake, akarudi na kijiti cha ngoma. Mpiga ngoma alikuwa amekirusha kwa mashabiki, naye akakidaka. Alikipigilia misumari miwili ukutani akakilaza juu yake, kama mtu aliyepata kombe. Alimsimulia mkewe kila kitu: mwimbaji alivyonguruma, taa nyekundu, wazee wa makamo waliolia kama wamefiwa. Ila mwisho wa onyesho aliuruka. Habari za binti aliyefia kinuni zilipofika mtaani, alisema kwa mkato, "Sikuwa upande ule," akaenda kuoga.

Siku chache baadaye, mchana, umeme ulikatika. Mtaa ukanyamaza, na Mama Viraka akabaki na sindano ya mkono dirishani. Kwanza alisikia harufu: jasho bichi la watu wengi waliojazana mahali pasipo dirisha, wakati mlango wake ulikuwa wazi na chumba kizima hakikuwa na mtu ila yeye na mtoto. Aligeuka. Binti yao, ambaye hata kujivuta kwenye kiti alikuwa hajaweza, alikuwa amesimama dede katikati ya chumba, mbali na ukuta, mbali na kila kitu. Mkono wake mmoja ulikuwa umenyooka juu ya kichwa, na vidole vimefumba kama vimeshika kidole cha mtu mzima. Mama alifungua mdomo amshangilie. Ndipo alipoona kwamba visigino vya mtoto havikugusa sakafu, na kwamba mtoto alikuwa akitazama juu, juu zaidi ya urefu wa mtu yeyote aliyemjua, akimchekea huyo aliyemshika kama anavyowachekea watu wa nyumbani.

Alimrukia akamkumbatia. Mkono wa mtoto haukushuka mara moja. Ulivutwa kidogo, kisha ukaachiwa.

Nondo aliporudi alimsikiliza huku anakula. "Mtoto kasimama dede, wewe unalia," alisema, ila hakumtazama.

Kesho yake alikuja dada wa yule marehemu. Alikuwa amebeba kizibao kifuani kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa mchuzi, akakitandaza juu ya cherehani. Mama Viraka alikitambua, kwa kuwa kiraka kile cha mgongoni alikishona yeye. Sasa juu ya kiraka palikuwa na alama ya soli.

"Nakuomba uzibe hapa begani, shoga yangu. Alama usiitoe."

"Pole sana."

"Hawakumkanyaga kwa ubaya. Ndilo linaloniuma." Dada mtu alisema polepole, akilipapasa bega la kizibao. "Alianguka, watu wakasimama kama desturi yenu. Mtu mmoja mrefu akamshika mkono, akamvuta, akafika hapa kifuani mwake. Wenzake walipoona ameshikwa wakajua ameokoka, wakaanza tena kuzunguka. Yule mtu akamwachia. Akarudi chini na kinu kimeshashika kasi."

"Kwa nini amwachie?"

"Ndiyo nataka nimuulize. Watu wananiambia nimwachie Mungu. Nawaitikia, nimemwachia Mungu." Alinyanyua macho. "Sijamwachia."

Jioni ile Mama Viraka hakuwasha jiko. Nondo alipoingia, alimshika mkono wa kulia, akalipandisha shati mpaka kwenye kiwiko. Juu ya kifundo palikuwa na alama za vidole vinne vyembamba, nyeusi, na mikwaruzo ya kucha iliyoteremka mpaka kiganjani.

"Kile kijiti ulikidaka kwa mkono gani, baba?"

Nondo alijaribu kuuvuta mkono. Mlio wa sikio lake ulisikika mpaka mlangoni.

"Wa kushoto haukunjiki. Ulikidaka kwa mkono gani?"

"Nilidhani ameshasimama," alisema mwishowe. "Kilikuwa kinakuja kwangu. Moja kwa moja kwangu. Miaka yote nakwenda kule, hakijawahi kuja kwangu."

Mtoto alikuwa mkekani. Wote wawili waliuona mkono wake ukipanda juu.

Mama Viraka alimpeleka Nondo kwa mama mmoja mwaguzi aliyekaa nyuma ya gereji, mama mnene wa miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuuliza mengi. Aliweka sikio lake kwenye sikio la Nondo, akasikiliza kama anayesikiliza saa mbovu, kisha akatupia ubani kwenye makaa.

"Aliyekufa amekwenda, harudi," alisema. "Huyu ni jini aliyekuwa naye. Amepoteza kiti chake, mwili aliokuwa akiukalia, na ana hasira. Haya, sema, mgeni. Unataka nini?"

Kinywa cha Nondo kilifunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya chini, ya kike, isiyo na haraka yoyote.

"Nilikuwa naye tangu hajaota meno. Nilimfundisha kusimama. Huyu alimwachia kwa sababu ya kipande cha mti."

"Mwanangu amekukosea nini?" Mama Viraka alinong'ona.

"Hajanikosea. Ndiyo maana bado nimemshika." Nondo aligeuza kichwa, macho meupe, akamwelekea mkewe. "Huyu aseme ukweli mbele ya mwenye msiba. Kijiti kirudi pale kilipotoka. Asiposema, nami nitaachia, na nitaachia kutoka juu."

Mwaguzi alifuta jasho. "Ni rahisi, basi. Ukweli hauuzwi dukani. Nendeni."

Walikwenda. Dada mtu aliwakaribisha ndani, akawapa viti, na Nondo akaanza vizuri. Alisema, "Ni mimi niliyemshika." Yule dada akaziba mdomo kwa viganja. Pengine ndiyo yaliyomshinda Nondo, yale macho juu ya viganja.

"Jasho, dada," alisema. "Mikono ilikuwa imelowa. Aliniponyoka."

Dada mtu alilia sana, kisha akaushika mkono ule ule wa kulia akaubusu. "Asante kwa kujaribu," alisema. "Mungu akulinde na mwanao."

Mama Viraka aliutazama mkono unaobusiwa, akauhisi ulimi wake mwenyewe ukikaa kimya kinywani kama si wake. Alikuwa na nafasi ya kusema. Hakusema. Njiani Nondo aliona machozi yake, akamwambia kwa hasira, "Si ungesema wewe?" Na mlio ukapanda, mpaka mbwa waliokuwa jalalani wakanyanyuka wakakimbia.

Kutu walirudi ukumbini kumkumbuka binti yule. Mama Viraka alimwacha mtoto kwa mama yake, akamwambia asimweke chini hata kidogo, akaenda na mumewe. Ukumbi ulifurika. Dada wa marehemu alikuwa mbele, amekivaa kizibao chenye alama ya soli, na mashabiki walimpisha kama bibi harusi. Gitaa la kwanza lilipolia, sakafu ilitetemeka, na Mama Viraka, pamoja na hofu yake yote, alihisi mwili wake ukikumbuka furaha. Alichukia kwamba ulikumbuka.

Kinu kilianza kuzunguka. Nondo aliinama kukilaza kijiti sakafuni, na kabla hajanyanyuka bega la mtu lilimpata mbavuni, akaanguka. Mkewe aliudaka mkono wake wa kulia kwa mikono yake miwili.

Sheria ikafuatwa. Watu walisimama, bendi ikanyamaza katikati ya wimbo, mikono kumi na kumi ikashuka. Wakavuta. Nondo hakuinuka.

"Huyu mtu amekula nini?" mmoja alitania, na wengine wakacheka, wakavuta tena. Kisha hakuna aliyecheka, kwa kuwa mtu mkavu kama yule alikuwa mzito kuliko gari, na harufu ya jasho bichi ilikuwa inapanda kutoka chini yake kana kwamba chini ya sakafu kulikuwa na ukumbi mwingine umejaa watu, na ule mlio ulikuwa sasa unasikika na kila mtu, wengine wakiziba masikio, wengine wakitazama spika ambazo zilikuwa zimezimwa. Katika mlio huo Mama Viraka alisikia sauti ya chini isiyo na haraka ikimwambia: mwanao yuko juu, yuko juu sana, anacheka, bado hajui.

Simu ilianza kutetemeka mfukoni mwake. Alijua ni mama yake.

Ndipo aliposema. Alisema yote, kwa sauti ambayo hakujua kwamba anayo, akimtazama yule dada aliyekuwa amepiga magoti kando yake na kuvuta kama wengine. "Hakuponyokwa. Alimwachia ili adake kijiti. Kijiti hicho hapo. Mimi nilijua, nikanyamaza."

Dada mtu alikitazama kijiti sakafuni. Akamtazama Nondo, ambaye alikuwa akitikisa kichwa, hapana, hapana. Kisha, taratibu, kama mtu anayeweka chini mzigo usio wake, alifungua vidole.

Aliyekuwa nyuma yake akafungua vyake. Halafu mwingine. Kinu kile ambacho hakijawahi kumwacha mtu chini kilinyanyua mikono yake mmoja mmoja, bila neno, mpaka Nondo akabaki na mkewe peke yake.

"Usiniachie," Nondo alinong'ona. "Mke wangu. Mimi ndiye niliyekuinua."

"Ndiyo," alisema. "Wewe ndiye."

Simu ikatetemeka tena. Aliachia mkono mmoja kuitafuta mfukoni, na kwa mkono mmoja uliobaki uzito ule haukushikika, au ulishikika na hakuushika. Hakuwahi kuamua lipi lilikuwa kweli. Alipoiweka simu sikioni, mikono yake yote miwili ilikuwa mitupu.

"Mtoto alinitoka mikononi," mama yake alikuwa analia upande wa pili. "Alipaa, mwanangu, kichwa kiligusa dari. Sasa hivi ameshushwa. Ameshushwa taratibu, amekaa, anacheka."

Juu ya jukwaa, mpiga ngoma aliona mikono yote imenyanyuka. Kwa desturi yao maana yake ni moja tu: aliyeanguka ameshainuliwa. Akatabasamu, akapiga.

Kinu kikaanza kuzunguka.

Sasa Mama Viraka anashona kama zamani, na hakuna shabiki anayemuuliza chochote. Dada wa marehemu hupita kumsalimia, huketi, huondoka. Mtoto anatembea mwenyewe, na akianguka huinuka mwenyewe, mkono haupandi tena. Msiba wa Nondo umepoa, nyumba inanuka sabuni. Ila hata siku za joto mshonaji huyu huvaa mikono mirefu, kwa sababu kwenye kifundo cha mkono wake zipo alama za vidole vinne, vinene, vya mtu wa kazi za chuma, na kila wiki zinazidi kuwa nyeusi.

Na mchana umeme ukikatika na mtaa ukinyamaza, mtoto huacha kucheza. Humpanda mama yake mapajani, huweka sikio lake dogo juu ya sikio la mama, akatulia tuli, anasikiliza.