Mdogo Wangu Alipona Bila Dawa

Mimi na mdogo wangu ni vinyozi. Duka letu lina viti viwili na kioo kimoja. Kila mteja tunamfungulia wembe mpya. Lakini sisi wenyewe, tukishafunga kazi, tulikuwa tunanyoana kwa wembe mmoja. "Ndugu wa tumbo moja, tuogope nini?" tulisema.

Siku moja muuguzi alipita kuwapima vinyozi wote wa mtaa wetu. Kipimo cha kwanza kilionyesha kwamba sote wawili tuliwahi kuingiwa na virusi vya homa ya ini aina ya C. Kipimo cha pili kilitafuta virusi vyenyewe kwenye damu. Mimi nilikuwa navyo. Mdogo wangu hana hata kimoja! Mwili wake ulivishinda wenyewe.

Jamani, wivu uliniuma! Tangu utotoni yeye ndiye kitinda mimba, paja la kuku lake. Leo hata ugonjwa unampendelea? Nikapewa vidonge vya miezi mitatu, nikavitupa juu ya kabati. Moyoni nilisema, "Huyu ana dawa yake, ananificha."

Nikapekua mkoba wake. Nikakuta chupa ya dawa ya mizizi. Ahaa! Kila asubuhi nikawa naiba funda moja, kisha naongeza maji asigundue.

Wiki ya tatu mke wangu alikuta vidonge havijaguswa. Hakunigombeza. Alikwenda kumleta muuguzi, na mdogo wangu pia.

Ikabidi niseme yote.

"Kaka, ile ni dawa ya mgongo," mdogo wangu alisema. "Kumbe ndiyo maana ilizidi kuwa nyepesi!"

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka.

"Kwa nini yeye apone, mimi nisipone? Baba mmoja, mama mmoja!"

Muuguzi akaniuliza, "Nani kati yenu ana pua ya baba?"

"Mimi. Yeye ana ya mama."

"Basi hata ndani ya mwili mnarithi vitu visivyoonekana. Vinaitwa jeni. Kila mtoto hupata mchanganyiko wake. Jeni fulani huusaidia mwili kuvifukuza virusi hivi. Si jeni peke yake, lakini zina mchango mkubwa. Yeye hana ujanja wowote, na wewe huna kosa. Vidonge hivi huponya karibu kila mtu, awe amerithi jeni zozote. Ukiviacha, ini litaharibika taratibu, wala hutasikia maumivu."

Akamgeukia mdogo wangu. "Na wewe usijione mwamba. Unaweza kuambukizwa tena. Kila mtu na wembe wake."

"Kaka, meza," mdogo wangu alisema. "Lile duka siliwezi peke yangu."

Nikameza palepale. Sikuruka hata siku moja. Mama alihamia kwetu. Supu asubuhi, supu jioni.

Miezi mitatu baada ya kidonge cha mwisho, nilipimwa tena. Virusi hakuna! Mama alinikumbatia huku analia. Mdogo wangu alikuwa amenuna mlangoni.

"Una nini?" nilimuuliza.

"Na mimi nilipona," akasema. "Nani alinipikia supu?"