Shubiri Moja Kila Masika

Naitwa Demetria, mke wa Gaudens, karani wa reli. Tulitoka Bukoba tukahamia Temeke mwaka wa arobaini na nane. Haya ninayoyasimulia yalitokea miaka sita baadaye, na wakati huo, jamani, nilikuwa nimechoka. Nilichoka na matope. Nilichoka na inzi. Zaidi ya yote nilichoka na kisima.

Kisima chetu kilikuwa bondeni, chini ya vyoo vya mtaa mzima. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai. Hayo hayo tulipikia, hayo hayo tulikunywa. Binti yangu Auleria, wa miaka minne, alikuwa akiharisha wiki mbili, anapona siku tatu, anaanza tena. Alibaki mifupa mitupu. Nilikuwa naogopa nitamzika.

Siku moja Gaudens alirudi kutoka kazini shati limechanika begani.

"Ua wa Anastasia umeniparua tena," alisema. "Njia gani hii? Mtu na baiskeli yake hapiti!"

"Mwambie mwenyewe. Mie nimesema mpaka koo limenikauka."

Anastasia alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya njia, mtu wa Masasi. Ua wa makuti hauzuii maneno, kwa hiyo alisikia yote. Alijibu huko huko kwake.

"Ua wangu uko pale pale! Baiskeli yenu ndiyo haina breki!"

"Mdomo wako ndio hauna breki!" nilimjibu.

Basi, hivyo ndivyo tulivyoishi.

Jumatatu alikuja Bwana Afya. Jina lake Nassibu, mtu mwenye kaptura ya kaki na sauti ya taratibu. Nilidhani amekuja kutupiga faini kwa sababu ya takataka, nikakunja uso. Lakini yeye alimtazama Auleria.

"Mama, mtoto huyu anakunywa maji gani?"

"Ya kisimani. Kwani kuna mengine?"

"Unayachemsha?"

"Kuni zikiwepo."

Alinipeleka mpaka bondeni, akanionyesha vyoo kwa kidole, kisha akanionyesha kisima.

"Mvua ikinyesha, uchafu wa vyoo unapita mchangani mpaka kisimani. Wewe huuoni, lakini ndio unaomwumiza mtoto tumbo. Chemsha maji mpaka yatokote kabisa. Fanya hivyo kila siku, hata yakionekana safi."

"Nitachemsha mpaka lini, bwana? Tuleteeni bomba!"

"Mabomba yapo, mama. Yamefika ya mtaa mmoja. Lakini lori linaloyaleta lazima lipite, na njia yenu nimeipima. Kwenye ramani ni futi kumi na tano. Leo nimekuta futi sita, na mahali pamoja futi nne. Ijumaa nitapima tena. Nikikuta bado, mabomba yatakwenda mtaa mwingine. Sijui kama mwakani yatakuja tena."

Mwakani? Auleria angefika mwakani?

Jioni tulikusanyika naye barazani kwa Mzee Mwinshehe, mkazi wa kwanza wa mtaa wetu. Watu walikwisha anza kufokeana. Nassibu aliinua mkono.

"Kabla ya kugombana, niambieni kitu kimoja. Nyie wenyewe mnataka mtaa wenu uweje?"

Hakuna mtu aliyewahi kutuuliza hivyo.

"Mie nataka mtaro," alisema Anastasia. "Masika kitanda changu kinaelea."

"Taa ya njiani," alisema Gaudens.

Mzee Mwinshehe alikohoa. "Mie nataka siku nikifa, jeneza langu lipite sawasawa. Marehemu jirani yangu tulimpitisha ubavuubavu. Ni aibu."

Watu walicheka. Mie sikucheka.

"Nataka maji," nilisema. "Mtoto wangu anakwisha. Nataka maji, basi."

Nassibu aliandika yote katika daftari lake. Kisha alisema, "Mtaro, taa, jeneza, maji. Vyote vinataka njia. Nani ameziba njia?"

"Anastasia!" nilisema.

"Demetria!" alisema Anastasia.

Wengine nao wakaanza. Kila mkono ulimnyooshea jirani. Kelele zikazidi mpaka Mzee Mwinshehe akapiga fimbo sakafuni.

"Nyamazeni! Sote tumeiba. Masika yakiisha, tunafanya nini? Tunajenga ua upya. Nguzo zimeliwa na mchwa, zimekatika, visiki vimebaki ardhini. Nani anang'oa kisiki? Hakuna, kazi ngumu. Tunachimba shimo jipya kando yake. Upande gani? Wa nje! Shubiri moja kila masika, huku na huku. Mie ndiye niliyeanza, na nyie mkaniiga."

Hata mie nilitazama chini, ingawa moyoni nilisema yangu ni shubiri ndogo.

Kesho yake Nassibu alileta kamba. Alieleza kwamba wapimaji wa serikali walipogawa viwanja waliacha mawe ya mpaka. Kamba ikivutwa kutoka jiwe hadi jiwe, kila mtu ataona ua wake unapaswa kukaa wapi. Jiwe la kwanza tulilipata. La mwisho tulilipata. La katikati, upande wetu, halikuonekana. Tulifyeka, tulichimba, hakuna kitu.

"Naomba niingie uani kwako, mama," alisema Nassibu.

"Ingia. Hutaona kitu."

Alisimama jikoni kwangu. Hapo palikuwa na jiwe zuri la saruji, bapa, nililolikuta siku nilipoanza kupikia mahali pale. Nilikuwa naweka mtungi wangu juu yake. Nassibu aliuondoa mtungi, akapangusa masizi kwa kiganja. Ilitokea namba.

"Ndilo hili," alisema.

Kamba ilivutwa. Jiko langu lilikuwa njiani. Bafu lilikuwa njiani. Ua wangu ulikuwa umetoka futi sita na nusu, kuliko ua wa mtu yeyote. Ile sehemu ya futi nne ilikuwa mlangoni kwangu mie! Mie niliyepiga kelele miaka yote!

Anastasia alicheka mpaka akashika mbavu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Gaudens alinivuta pembeni. "Bafu nimelijenga juzijuzi tu. Tumwombe Bwana Afya aipindishe kamba kidogo, hapa kwetu tu."

Hasira zilinipanda. "Aipindishe? Na lori nalo lipinde? Na Auleria aendelee kunywa maji ya vyoo kwa sababu ya bafu lako?"

"Demetria, watu wanasikia."

"Wasikie!"

Nilichukua panga, nikakata kamba za ua wangu mwenyewe. Makuti yakaanguka. Nilikata kamba ya pili, ya tatu, huku nalia kwa hasira na aibu. Gaudens alinitazama kidogo, kisha akavua shati la kazi akaanza kubomoa bafu.

Kisiki cha kwanza kilitushinda. Tulikifunga kamba, tukakivuta, wapi! Ndipo nikaona kamba nyingine inafungwa juu ya yangu.

"Sogea," alisema Anastasia. "Unavuta kama mgonjwa."

"Wewe kwako umemaliza?"

"Tukimaliza hapa, tunakwenda kwangu. Vuta!"

Kisiki kiling'oka, tukaanguka chali, mie na Anastasia. Jumatano mtaa mzima ulikuwa unang'oa. Nassibu alituonyesha namna ya kuzifanya nguzo mpya zidumu. Tulichoma ncha zake motoni mpaka zikawa nyeusi, tukazipaka oili chafu ya magari, ndipo tukazifukia. Mchwa hawazili upesi nguzo za namna hiyo. Na kila nguzo ilikaa ndani ya kamba. Mzee Mwinshehe alipita akizikagua moja moja, na aliyekosea alichimba upya.

Ijumaa lori lilipita mpaka mwisho wa mtaa. Baada ya wiki tatu bomba lilifunguliwa. Msidhani tulikuwa malaika. Siku ya kwanza tu tuligombania foleni, na ndoo ya Gaudens ilitoboka. Mtaro tuliuchimba wenyewe Jumamosi tatu. Taa hazikuja, na Gaudens aliendelea kuandika barua.

Mwezi wa pili baada ya bomba, nilikuwa nimelala mchana, kichwa kinaniuma. Nje watoto walipiga kelele, wanakimbia huku na huku, wanagonga makopo. Nilitoka na ufagio niwafukuze.

Aliyekuwa mbele, mwenye kopo kubwa kuliko wote, anayepiga kelele kuliko wote, alikuwa Auleria.

"Mama, tunakusumbua?" aliniuliza.

"Hapana, mwanangu," nilisema. "Piga tu."